Jina la kitabu chako linatoka sayari gani?

MSOMAJI wangu, leo mambo ya nani kamwacha nani tunayapa likizo. Tunapanda angani kidogo. Usiogope, nauli hakuna, na safari inaanzia hapa hapa Tunduma, penye foleni ya malori, kelele za makonda na wabadilisha fedha, penye watu wanaoamka Tanzania, wakanywa chai Nakonde upande wa Zambia na kurudi kulala nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wengi siku hizi wanaandika hadithi. Wapo wanaoziuza kipande kipande kwenye simu, na wapo wanaojichanga wakachapa vijitabu. Zamani kijana akishika kalamu, basi ni mapenzi au upelelezi. Sasa wapo wanaoandika sayansi ya kubuni: vyombo vya angani, mashine zenye akili, watu wanaokwenda mwaka 2300 na kurudi kabla ubwabwa haujaiva. Bomba sana. Tatizo linaanzia kwenye jalada. Mtu kapika hadithi ya nguvu, kurasa mia mbili, halafu juu kaandika "Zorgatron 3000". Zorgatron ndiyo nini, mdogo wangu? Mwingine akiona kubuni ni kazi, anakimbilia Kiingereza, anabandika maneno mawili ya kutisha aliyoyaokota kwenye filamu, wakati ndani ya kitabu watu wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho.

Tusidanganyane. Jina la kitabu ni kama mtu aliyekwenda kuposa. Kabla hajafungua mdomo, wakwe wameshamwangalia kuanzia viatu hadi nywele na nusu ya jibu wanayo. Na hizi hadithi za sayansi ya kubuni zina balaa lake: ndizo zinazopenda kubeba majina ambayo hayamo kwenye kamusi. Sasa neno ambalo halipo utalipata wapi? Na ukilipata, utajuaje kama limekaa sawa au umejizuga mwenyewe?

Jibu ninalo, na nitalisema mapema ili tusizungushane. Neno la kubuni linalodumu ni lile ambalo sikio la Mswahili linalitambua nusu. Nusu analijua, nusu linamtesa. Likijulikana lote, halina siri. Lisipojulikana kabisa, ni kelele tu. Ushahidi tunao, na hautoki mbali.

Mzee wa Tanga alitangulia

Mwaka 1951, wakati Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, Shaaban Robert alitoa kitabu kinachoitwa Kusadikika. Ndani yake kuna nchi inayoelea angani. Umesikia vizuri, angani! Kijana mmoja, Karama, ameshitakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anasimama kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, wakarudi na mambo mema, wakalipwa adhabu. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama kidole kilichonyooshewa watawala wa siku zile, ila kwa adabu na kwa mafumbo.

Sasa liangalie jina. Kusadiki ni kuamini. Ukiongeza kile kipande cha "-ika" unapata kitu kinachoweza kuaminika. Neno lote ni la Kiswahili safi, hata mtoto wa darasa la tano analivunja. Lakini hakuna aliyewahi kusikia nchi ikiitwa hivyo. Na linaanza na "ku-", mlio ule ule wa kule, kuzimu na kusini, kwa hiyo sikio linakubali haraka kwamba hapo ni mahali. Mzee kachukua kitenzi, kakigeuza ramani. Na utani wake uko humo humo: nchi inaitwa ya kuaminika, nayo haipo!

Hakuishia hapo. Alikuwa na nyingine, Kufikirika, iliyochapishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1962. Mtindo ule ule, kitenzi kimegeuka nchi. Na neno Kusadikika limefanya kazi kuliko majina mengi ya vitabu. Hadi leo ukimsikia mtu kijiweni anasema "hiyo ni nchi ya kusadikika", anaelewa maana yake hata kama kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Jina limetoka kwenye jalada, limeingia mtaani, linajitafutia riziki lenyewe.

Wale ni akina nani?

Vuka mpaka mwingine, nenda Kenya. Katama Mkangi, mtu wa pwani na msomi wa elimu ya jamii, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa utawala wa Rais Moi. Mwaka 1995 ikatoka riwaya yake, Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kufa. Anatiwa ndani ya chombo cha kwenda angani, waliomhukumu wanajua wamemalizana naye. Kumbe jamaa anafika! Anatua kwenye sayari ya Walenisi, mahali ambapo watu wanaishi kwa usawa, na anakaa chini kujifunza wamefikaje hapo.

Ukilisikia haraka unaweza kudhani ni kabila: Mlenisi mmoja, Walenisi wawili. Linakaa vizuri kabisa mdomoni. Sasa litamke polepole, ukilikata. Wale. Ni. Si. Wale ni sisi! Hao watu wa sayari ya mbali unaowasoma kwa mshangao ni wewe na jirani yako, kama mngeamua. Jina la kitabu limebeba hadithi nzima mgongoni, limekaa kimya juu ya jalada, linasubiri siku utakayolishtukia. Mtu akilishtukia, harudi kukitazama kitabu kwa macho yale ya mwanzo.

Hapa ndipo unapoona kwamba kubuni jina kuna uzito zaidi ya urembo. Shaaban Robert aliandika chini ya mkoloni. Mkangi aliandika akiwa ameshaonja kizuizi. Nchi ambayo haipo kwenye ramani ina faida moja kubwa: hakuna mkubwa anayeweza kusimama akasema "umenitaja mimi" bila kujivua nguo mwenyewe. Neno la kubuni ni chandarua. Wewe uko ndani, unawaona mbu, wao wanapiga kelele nje.

Wapo na wengine waliocheza mchezo huu. Kyallo Wadi Wamitila mwaka 2002 alichukua neno tunalolitumia kila siku, binadamu, akalipasua katikati na kuliandika Bina-Adamu! Kaongeza herufi moja tu, a. Kapasua na kuweka kistari, na ghafla unajiuliza wewe ni nani. Euphrase Kezilahabi, yule Mkerewe aliyefariki mwaka 2020, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Mzingile ni neno la zamani la njia zinazozungukana mpaka mtu anapotea, wengi walikuwa wamelisahau. Nagona ndilo limewatoa watu jasho. Na kwa sisi wa huku Nyanda za Juu Kusini lina kituko chake: masikio yanatupeleka moja kwa moja kwenye "ugonile", ile salamu ya Kinyakyusa inayouliza kama umelala salama. Sisemi mwandishi alikusudia hivyo. Ninachosema ni kwamba neno ukishaliachia huru, kila mtu analisikia kwa lugha ya mama yake. Kaa na hilo, tutalirudia.

Wazungu nao walibuni

Usije ukadhani huu ni ujanja wetu peke yetu. Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alitoa kitabu cha kisiwa chenye maisha mazuri, akakiita Utopia. Neno kalichonga kutoka Kigiriki, na maana yake ni mahali ambapo hapapo. Mwaka 1872 Samuel Butler naye akatoa Erewhon. Hilo ni neno la Kiingereza la "hakuna mahali" limesomwa kinyumenyume, herufi mbili tu zimepishana. Ndiyo mchezo wa watoto wetu wa kuongea kinyume ili wakubwa wasielewe.

Kiboko yao ni Karel Čapek, mwandishi wa tamthilia wa nchi ya Wacheki. Mwaka 1920 alikuwa anatafuta jina la watu wa bandia wanaotengenezwa kiwandani ili wafanye kazi. Kaka yake, Josef, akampa neno roboti, lililotoka kwenye neno lao la kazi ya shuruti, ile ya kumtumikia bwana bila kupenda. Leo dunia nzima inasema roboti na wachache wanakumbuka kwamba ndani yake kuna jasho la mtumwa. Unaona? Nusu lilijulikana kwao, nusu lilikuwa jipya. Kanuni ni ile ile.

Na hapa Tunduma roboti ina vituko. Vuka Nakonde, mwambie dereva wa Kizambia uonane naye kwenye roboti. Atakwenda kukusubiri kwenye taa za kuongozea magari! Kule na Afrika Kusini ndivyo wanavyoziita. Ukiandika riwaya ukaiita "Vita vya Roboti" ukategemea kuiuza pande zote mbili za mpaka, kuna mtu atanunua akidhani ni habari za trafiki na madereva.

Yetu yanauzwa ng'ambo

Sasa sikiliza kinachoniuma. Wakati sisi tunahangaika na akina Zorgatron, wenzetu wanakuja kuchota kwetu. Mwaka 1966 Marekani walipoanza kuonyesha Star Trek kwenye televisheni, yule dada mweusi wa mitambo ya mawasiliano kwenye chombo cha angani walimwita Uhura. Wamechukua uhuru wetu, wakabadilisha irabu moja ya mwisho, basi! Jina likawa la kike kwa masikio yao na la angani kwa masikio ya dunia.

Mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa kitabu cha msichana wa Kihimba anayeacha kwao na kwenda kusoma chuo kikuu kwenye sayari nyingine. Kinaitwaje? Binti. Ndiyo, binti hii hii ya binti wa nani. Mwaka 2016 kikapata tuzo ya Hugo, moja ya zile kubwa kabisa kwa hadithi za aina hii. Msomaji wa Chicago anaona neno geni linalong'aa. Wewe unaona mtoto wa jirani katumwa sokoni.

Siwasemi vibaya. Lugha haina geti, na kitabu kizuri ni kizuri. Lakini jiulize swali hili: ikiwa neno letu la kila siku linatosha kubeba sayari nzima huko kwao, kwa nini kwetu tunaliona la kishamba? Dada yetu wa Kenya, Wanuri Kahiu, mwaka 2009 alitoa filamu fupi ya sayansi ya kubuni kuhusu dunia iliyoishiwa maji. Hakubuni neno lolote. Kaiita Pumzi. Unapumua bure leo, hujui kesho. Neno lile lile, ila limewekwa mahali linapotisha.

Kijiwe ni kiwanda

Najua utakachosema. "Kaka, jina la Kizungu ndilo linalouza." Hiyo nimeisikia. Filamu zetu za Kibongo nazo ziliwahi kushikwa na ugonjwa huo, Kiswahili ndani, Kiingereza nje, kama maandazi kwenye boksi la biskuti. Sikatai, lina mvuto. Lakini kitabu chetu hakinunuliwi kwa kuangaliwa peke yake. Kinaombwa kwa mdomo. Mtu kakisikia kwa rafiki yake, anakwenda kwa muuzaji au anapiga simu, anasema "nipe kile kinachoitwa..." Akishindwa kulitamka atajiona mshamba, na mtu anayejiona mshamba hanunui, anaaga.

Kiswahili kina bahati. Silabi zake zinaishia kwenye irabu, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana Walenisi halijawahi kumshinda mtu yeyote. Zorgatron limejaa konsonanti zinazosukumana kama abiria mlangoni.

Na mtaa wetu haujawahi kungoja ruhusa ya kubuni. Angalia bodaboda. Ilianzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja kwenda mwingine, waendeshaji wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka. Neno limezaliwa mpakani kama sisi, leo liko nchi nzima. Daladala nayo ilitokana na dala, ile shilingi tano ya nauli za enzi hizo. Hakuna kamati iliyokaa.

Kamati nazo zina yake. BAKITA ipo tangu mwaka 1967, na wataalamu wa lugha wametengeneza maneno mengi ya sayansi. Mengine yameshika. Kishikwambi watu walikuwa wanakicheka, mpaka makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walipobisha hodi wakiwa navyo mikononi. Kicheko kikaisha. Akili mnemba nayo inazoeleka. Mengine yamebaki pembeni. Kompyuta iliwahi kupewa jina la ngamizi. Hebu litamke. Ngamizi. Ukiniuliza mimi, linanukia kuangamiza. Kwa kifaa cha ofisini halikufaa, nani anataka kukaa mezani na kitu kinachotishia hivyo? Lakini kwa jalada la riwaya ya mashine iliyochoka kutumwa na binadamu, hilo neno ni babu kubwa! Liko kwenye kamusi, limekaa bure, halimtozi mtu kodi. Msomaji wangu mwandishi, maneno yaliyokataliwa na mtaa ni gereji ya vipuri. Ingia, chagua.

Tujaribu na kimondo chetu

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo tufanye kazi kwa mfano. Tuseme kuna kijana wa Mpemba, wa kubuni, asijitokeze mtu kudai. Ameandika hadithi ya kimondo cha Mbozi. Nacho ni kitu cha kweli, kiko kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, urefu wake kama mita 3, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16 hivi, na asilimia 90 ya mwili wake ni chuma. Wenyeji walikijua zamani, wataalamu wakakiandika mwaka 1930. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa duniani. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, una kitu ambacho kweli kimetoka angani! Wenzetu wanalipa mafundi wa filamu ili watengeneze cha uongo.

Katika hadithi yake, usiku mmoja kimondo kinaanza kupata joto. Injini za malori yote yaliyoko kwenye foleni ya mpaka zinazimika. Watu wanabanana barabarani, huku Tanzania, huku Zambia, hakuna anayekwenda, na kutoka Marengi inasikika sauti inayoita watu kwa majina. Jina la kitabu sasa.

Anaanza na "Kimondo". Zuri, linatamkika, lakini limeshabebwa. Timu ya soka ya Mbozi imelitumia, watalii wanalitumia, na mtu akilitafuta kwenye intaneti atazama kwenye habari za jiwe lenyewe kabla hajakifikia kitabu.

Anajaribu kinyume, kama yule Butler. Kimondo inakuwa Ndomoki. Hapo tunacheka wote, huyo ni mjomba wa mtu, amevaa kofia, anadai deni lake. Tunduma inakuwa Mandutu, ambayo si mbaya kwa jina la sayari, ina uzito. Mbozi inakuwa Zimbo. Linapendeza, linaruka mdomoni, tatizo ni kwamba madereva wa kusini wataelewa vingine: Zimbo ndivyo watu wa Zimbabwe wanavyoitwa mtaani. Umebuni sayari, kumbe umemtaja mshikaji wa Harare.

Kabadilisha njia, anasikiliza jina la mkoa. Songwe ni jina la mto, likawa la wilaya, likawa la mkoa, hata uwanja wa ndege ulioko mkoani Mbeya unaitwa hivyo. Jina la mto lina asili yake katika lugha za wenyeji, tuliache kwa heshima. Lakini lisikilize kwa sikio la Kiswahili. Kusonga ni kubana, ndiyo maana ugali unasongwa. "Wasongwe!" Hapo kuna watu wa Songwe, kama vile Walenisi. Na hapo hapo kuna amri ya mtu katili: wabanwe, wasipewe nafasi. Foleni nzima ya mpakani imeingia ndani ya neno moja! Msomaji ataanza akidhani anasoma habari za wakazi wa mkoa. Akifika mahali sauti ya kimondo inapotoa hukumu yake, atalisikia lile neno upya, na nywele zitamsimama.

Umeona tulivyofika? Hatukuruka kwenda sayari ya mbali. Tumeinama chini na kuokota neno tunalolikanyaga kila siku.

Vipimo vitano kabla hujachapa

Ukishapata neno lako, usiwe na haraka. Lipitishe hapa.

Cha kwanza, kipimo cha simu. Mpigie rafiki, litamke mara moja tu, mwambie aliandike. Akiliandika sawa, umepona. Akiuliza "umesemaje?" mara tatu, rudi jikoni.

Cha pili, kipimo cha majirani. Tunduma tuna bahati kuliko Dar. Kwenye mtaa mmoja una Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali, Mnyakyusa na Mbemba wa ng'ambo ya pili. Waulize wote neno hilo kwao ni nini. Usije ukaita shujaa wako jina ambalo kwa lugha ya mama mkwe ni tusi. Kumbuka ile Nagona, kila sikio na kwao.

Cha tatu, kipimo cha ngeli. Neno zuri linazaa. Kama nchi ni Mandutu, mtu wake ni Mmandutu, lugha yao ni Kimandutu, na tabia zao ni za kimandutu. Neno likikataa kuzaa, ndani ya kitabu litakusumbua kila ukurasa.

Cha nne, kipimo cha ukurasa wa mwisho. Msomaji akishamaliza, arudi kwenye jalada na alione neno kwa maana mpya. Walenisi linafanya hivyo. Zorgatron linabaki Zorgatron mpaka kiama.

Cha tano, kipimo cha mwenye nalo. Tafuta kama kuna kitabu, filamu, duka au sabuni yenye jina hilo. Ukikuta lipo, liache. Faida ya neno la kubuni ni kuwa peke yako, mtu akilitafuta anakukuta wewe.

Na kama neno lako limeanguka vipimo vyote, usilie. Fanya kama Wanuri Kahiu, chukua neno la kawaida uliweke mahali pa ajabu. Si kila hadithi ya sayari inahitaji neno jipya. Inahitaji neno lake.

Mwisho niseme jambo moja bila utani. Kesho ina mashine nyingi zinazokuja, na kila moja itaitwa kitu. Vijana wa lugha nyingine wanazitungia majina kwenye hadithi kabla hazijatengenezwa, kama Čapek alivyowahi kuipa jina roboti. Sisi tukingoja, tutapokea mashine na jina lake kwenye boksi moja, na watoto wetu watadhani kwamba kesho ni mahali wanapoongea Kiingereza peke yake. Mlango upo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, inashindaniwa kwa Kiswahili. Mzee wa Tanga hakuwa na kompyuta wala simu, alikuwa na kitenzi kimoja na kipande cha "-ika", akajenga nchi nzima angani.

Wewe una Kiswahili hicho hicho, lugha tano mtaani kwako, na tani 16 za chuma kutoka mbinguni. Shika kalamu, bwana. Tukutane wiki ijayo.